Kaskazi ya Fundi Masikio

5 Januari

Shajara hii nimepewa bure na duka la vipuri la Darajani, na kila ukurasa una picha ya betri juu. Mama ameniambia niandike humo mapishi. Nimemjibu kwamba mapishi ninayoyajua hayajazi kurasa mbili. Basi nitaandika mambo ya gereji, maana kaskazi imeshaanza kuchoma na huu ndio msimu wetu. Miezi mingine watu wanasahau kama magari yao yana AC, lakini Januari wote wanakumbuka siku moja.

Kwa atakayeiokota: mimi ni Shadya binti Ubwa, umri miaka ishirini na tisa, fundi umeme wa magari. Gereji yetu iko Mpendae, uwanja ulio ubavuni mwa nyumba, bati sita juu ya nguzo nne. Mwenye gereji ni baba yangu, Ubwa Kheir, ambaye mji mzima unamwita Fundi Masikio.

Jina hilo alilipata kwa jasho. AC ya gari la zamani husema inapoanza kazi. Ukibonyeza kitufe, umeme unakwenda kwenye klachi ya kompresa, sumaku inaikamata puli inayozunguka, na inapokamata hutoa sauti moja kavu: tk. Baridi ikitosha umeme unakatwa, klachi inaachia: tk nyingine. Baba huinua kidole na kusema, "Kimya!" Uwanja wote hunyamaza, hata kuku wa jirani. Anasikiliza zile tk, anapima muda kati ya moja na nyingine, kisha anakwambia kama gesi imepungua, au rilei ya kuwashia klachi imechoka, au klachi yenyewe inataka kubadilishwa. Miaka arubaini ya ufundi hajatumia mita ya umeme hata mara moja.

Zamani alikuwa akifumba macho anaposikiliza. Siku hizi hafumbi, anasema akifumba usingizi unamchukua. Na mimi, mwenye cheti cha umeme kilichotiwa fremu ukumbini, kazi yangu kubwa bado ni kusimama mbele yake nimeshika taa mchana kweupe.

8 Januari

Joto. Magari manne. Nimeshika taa mara nne.

14 Januari

Leo amekuja Matar, anayechukua wageni kutoka mjini kupeleka ufukweni Paje. Gari lake ni la watu wanane, la Kijapani, toleo jipya jipya, limeingia bandarini mwezi wa kumi na moja. Bampa ya mbele imefungwa kwa waya. Dashibodi amejaza stika za Mashallah, kwa kuwa anaogopa kijicho.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Lina nini?"

"AC imezima ghafla tu, Mzee. Juzi ilikuwa barafu, leo inapuliza moto. Nna wageni kila siku, wamevaa vichupi na bado wanalia joto."

Baba akainua kidole. Kimya. Akatega. Akanitazama, akatazama kompresa, akanitazama tena, muda mrefu mpaka nikadhani nina grisi usoni.

"Haishiki," akasema. "Kompresa imekufa."

Nikamwambia, kwa sauti ya chini, kuwa gari hili halina klachi. Puli yake inazunguka muda wote, hakuna cha kukamata wala kuachia. Ndani ya kompresa kuna sahani inayoinama. Ikiinama sana inasukuma gesi nyingi, ikisimama wima haisukumi kitu. Anayeiinamisha ni vali ndogo ya umeme, na anayeiamuru vali ni kompyuta ya gari, kwa kuipelekea umeme wa kudonoadonoa mara mia kadhaa kwa sekunde, kama kuku kwenye punje. Kila donoo likikawia, baridi kali. Likiwa fupi na kuachia upesi, baridi ya wastani. Na kompyuta yenyewe haikurupuki: inauliza sensa zake kwanza, nje kuna joto gani, ndani je, presha ya gesi ikoje. Ni kama kadhi, hakati hukumu mpaka amesikia mashahidi.

Baba akanisikiliza huku akiniangalia midomo. Kisha akafuta mikono.

"Mwanangu, kompresa isiyosema ni maiti. Haina mjadala."

Matar alikuwa amesimama hapo hapo. Sikulelewa kumkosoa mzazi mbele ya mteja, na nikiri pia kwamba nilikuwa na njaa. Nikanyamaza. Matar akapiga simu Dar es Salaam kuagiza kompresa.

17 Januari

Mafua. Mama amenitia tangawizi mpaka masikioni.

21 Januari

Bado mafua, kwa hivyo leo nimefanya kazi na barakoa. Amekuja dereva wa teksi na gari kuukuu, lile la klachi ya sumaku, ambalo Baba anaweza kulitengeneza usingizini.

"Kimya!" Mimi nimeshika taa. Nikasikia tk safi kabisa, kama mtu aliyepiga ulimi. Baada ya nusu dakika, tk ya kuachia. Baba ameinama, ananitazama, anakunja uso.

"Haishiki," akasema.

Dereva akasema, "Mzee, mbona kama imelia?"

"Mimi ndo fundi au wewe?"

Nikasema nimeona fyuzi imelegea, nikaingiza mkono mahali ambapo hapakuwa na tatizo lolote, nikasema tayari. Dereva akaondoka na AC yake nzima. Baba akaenda kunawa mikono. Nimeandika haya nikiwa sina raha na sijui kwa nini. Labda ni mafua.

24 Januari

Si mafua.

Baba alikuwa barazani anacheza bao na majirani. Mama akaita kutoka ndani, "Baba Shadya!" Tangu nizaliwe, Baba huitika kabla jina halijamalizika: "Naam!" Hata akiwa chini ya gari, ile naam ilikuwa ikitoka. Leo Mama ameita mara tatu. Kisha akatoka, akaenda akamgusa begani na kumkung'uta kofia, na Baba akageuka, akatabasamu, akamfuata ndani.

Nikamwuliza Mama, "Hakukusikia?"

"Kofia yake ilikuwa na vumbi," akanijibu, akaendelea kukuna nazi.

30 Januari

Kompresa ya Matar imefika kwa boti. Tumeifunga, tumetia gesi, Matar amewasha. Upepo wa moto, ule ule.

Baba akasema, "Na hii wamekuuzia maiti."

Nikachukua mita, nikapima waya unaokwenda kwenye vali. Sifuri. Kompyuta haipeleki hata donoo moja. Maana yake kompresa ya kwanza ilikuwa nzima, na hii nzima, ila hakuna anayeziamuru kufanya kazi. Nikasema hivyo. Safari hii nimesema kwa sauti, mbele ya mteja, na nimejua nimekosea namna ya kusema nilipoona shingo ya Baba imekakamaa.

Matar naye akapandisha sauti. "Kwa hivyo mmenifungulia kompresa nzima mkanifungia nzima? Wallahi nyinyi!" Akaondoka madirisha wazi. Hata sikuwahi kutafuta kwa nini kompyuta imegoma.

Baba amekaa juu ya tairi mpaka adhana ya alasiri. Nikamletea maji. Akayapokea bila kunitazama.

3 Februari

Nimefanya jambo la aibu. Baba alikuwa amenipa mgongo, anafunga mkanda. Nikaangusha spana kubwa kwenye sakafu, nyuma yake kabisa. Kuku wakaruka. Baba hakugeuka.

Basi ndiyo hivyo. Baba yangu hasikii.

Nimejifungia stoo nikalia kwa dakika chache, kisha nikatoka kutia gesi gari la watu. Sikulia kwa sababu ya masikio. Wazee wengi hawasikii na wanaishi. Nimelia kwa sababu ya jina. Mtu huyu hana bango wala kadi. Ana jina lile tu, na ndani ya jina lile ndimo anamoamka asubuhi, anavaa kofia, na kuvuka uwanja. Nikimwambia, nitakuwa nimemnyang'anya. Nisipomwambia, watu watamnyang'anya wenyewe mmoja mmoja, kama Matar.

7 Februari

Nimeamua kumsaidia kijanja. Klachi ikishika nasema kwa sauti, kama najisemea, "Aa, hiyo imeshika." Leo nimesema mara sita. Mara ya saba Baba akaniambia, "Mbona unanadi kama muuza pweza?"

12 Februari

Joto la kutoa roho. Umeme umekatika saa tano hadi saa kumi. Mama anasema tuingie kwenye gari la mteja tulale. Si wazo baya.

19 Februari

Ramadhani mosi. Mwezi umeonekana, watu wamepeana mikono, na kila mtu kaamka mpole. Baba amesali tarawehe safu ya mbele kabisa. Zamani alikuwa akikaa nyuma, karibu na feni. Nimejua kwa nini amehamia mbele na sikusema.

26 Februari

Naandika upesi, msomaji anisamehe mwandiko.

Leo baada ya adhuhuri lilikuja gari la mwalimu mmoja, la klachi, gesi inavuja. Baba alikuwa mbele, boneti imeinuliwa. Mimi nilikuwa ndani kwenye usukani, nabonyeza kitufe cha AC. Feni ya mbele ilikuwa imesimama. Baba akaingiza mkono wa kushoto kupapasa kondensa, ule wavu wa kupoza gesi ulio karibu na feni, atafute palipo na mafuta, maana gesi ikivuja huacha mafuta.

Feni ile haina ratiba. Kompyuta ikiona presha ya gesi imepanda, inaiwasha, haiombi ruhusa. Hilo Baba analijua kuliko mimi, na tangu zamani ndiyo ilikuwa kinga yake: klachi ikisema tk, yeye huondoa mkono, kwa sababu feni inafuata nyuma yake. Ameishi na vidole kumi miaka arubaini kwa ajili ya ile tk.

Nikaisikia. Nikapiga kelele, "Baba, mkono!" Nimepiga kelele mpaka majirani wakatoka. Boneti ilikuwa katikati yetu, simwoni, hanioni. Halafu nikasikia feni, na sauti nyingine ambayo sitaiandika.

Vidole viwili. Havikukatika, alhamdulillahi, lakini mifupa ya kimoja imeonekana. Mama akafunga kwa mtandio wake, mimi nikaendesha. Njiani, damu inapita kwenye mtandio, Baba akaniambia tu, "Usikimbie, kuna matuta."

Hospitali daktari kijana alikuwa anamshona huku ameinamia mkono, anauliza maswali bila kuinua kichwa. "Mzee, una sukari?" Baba hakujibu. "Una presha?" Hakujibu. Daktari akaniangalia mimi. Nikajibu mimi. Baba akanitazama nikijibu kwa niaba yake, na macho yake nimeyaona, na natamani nisingeyaona.

Amekataa kufungua kabla ya magharibi. Amefutari kwa tende moja na uji, akalala.

27 Februari

Baba hakuja gereji.

28 Februari

Hakuja. Kofia ya kazi bado iko kwenye msumari. Wateja wawili wameuliza, "Fundi yuko wapi?" Nimesimama mbele yao nimevaa ovaroli, nimeshika spana, na bado wanauliza fundi yuko wapi.

1 Machi

Hakuja. Mama amesema, "Baba yako haumwi kidole."

"Najua."

"Basi kama unajua, mwambie."

"Nimwambie nini, Mama? Namwambiaje mtu kama yule?"

Mama akaendelea kukata muhogo. "Mimi nshajua tangu mwaka juzi. Simwiti mpaka ananiona. Siku ile nilimwita nijaribu kama kumebaki kitu. Usinifanye mjinga, Shadya, huyu ni mume wangu kabla hajawa baba yako."

Kumbe tulikuwa watu wawili tunaoficha kitu kimoja katika nyumba ya vyumba vitatu.

4 Machi

Matar amerudi. Wageni wamemkimbia, hana pa kwenda, na mafundi wengine wamemwambia abadilishe kompresa ya tatu. Kaja na uso wa mtu aliyefunga na aliyekasirika kwa pamoja.

"Mzee yupo?"

"Hajisikii vizuri. Nipo mimi."

Akapumua. "Haya. Wewe si ndo ulosema hakuna anayeiamuru? Mtafute huyo anayeiamuru."

Nikakaa kwenye kiti chake, nikawasha. Nikajiuliza: kadhi gani anakataa kutoa hukumu? Yule ambaye shahidi mmoja amempa habari mbaya. Nikaanza kutafuta shahidi. Presha ya gesi, sawa. Joto la ndani, sawa. Joto la nje huonyeshwa kwenye dashibodi, kwenye kioo kidogo, lakini pale Matar alikuwa amebandika Mashallah kubwa ya dhahabu.

"Naomba nibandue hii."

"Ah! Bandua nyingine!"

Nikaibandua. Chini yake palikuwa na namba: kutoa thelathini.

"Hii namba imekuwa hapa tangu lini?"

"Hiyo? Siku zote ipo namba hapo. Nlidhani mambo ya petroli ya Kijapani."

Nikacheka mpaka nikakumbuka nimefunga. Gari la Matar lilikuwa linaamini kuwa Mpendae kuna baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri. Theluji imejaa barabarani, watu wameganda barazani. Na gari likiamini nje kumeganda, kompyuta haithubutu kuiamuru kompresa: hakuna haja, na kompresa itaumia. Sensa ya joto la nje inakaa nyuma ya bampa ya mbele. Nikalala chini nikatazama. Waya wake ulikuwa unaning'inia, umechomoka. Sensa isiyoshikwa na waya, kompyuta huisoma kama baridi kali kupita zote.

"Matar, hii bampa imefanywa nini?"

Kimya.

"Matar. Ramadhani hii."

"Nligonga gari la ng'ombe pale Chwaka," akasema, anaangalia viatu. "Kidogo tu. Ng'ombe hakuumia. Niliona haya kusema. Mimi dereva wa wageni, nigonge gari la ng'ombe lilosimama?"

Nikaunga waya, nikafunga kwa tepu. Ile namba ikasimama muda, kisha ikaanza kupanda polepole, mpaka ikafika thelathini na tatu. Nikashika bomba nene linalotoka kwenye kompresa. Likaanza kutoa jasho. Hakukuwa na tk wala sauti yoyote, baridi iliingia kimya kimya tu. Matar akaweka uso mbele ya tundu la AC akafumba macho kama mtoto.

Nilitaka kukimbia ndani nimwambie Baba. Nikafika mlangoni nikasimama. Ningemwambia kwa kupiga kelele? Mtaa mzima ungesikia isipokuwa yeye.

Nimerudi nimekaa juu ya tairi lake, nimeandika yote haya. Na nilipokuwa naandika nimefahamu kitu. Kompyuta ile haikuwa mbovu. Ilifanya kazi yake sawasawa kwa habari iliyoletewa. Tatizo lilikuwa waya mmoja njiani. Baba pia si mbovu. Ufundi wake wote wa miaka arubaini uko pale pale, hata gramu moja haijapungua. Kuna waya tu umechomoka.

Nimefikiri nichane ukurasa huu nimpe. Kisha nimeona ukurasa mmoja ni uongo mwingine. Nitampa shajara yote, pamoja na spana niliyoiangusha.

5 Machi

Nimempa jana baada ya alasiri. Alikuwa amekaa kwenye mkeka ua wa nyuma, mkono umefungwa kitambaa. Nikaweka shajara mapajani mwake, nikamwonyesha kwa kidole ukurasa wa kwanza, nikaondoka upesi kabla sijajuta.

Akavaa miwani. Nilikuwa nakaanga sambusa na kuchungulia dirishani. Niliunguza sambusa tisa. Baba anasoma polepole, kidole kinafuata mstari. Pahala fulani alicheka peke yake, nadhani pweza. Pahala fulani alivua miwani akaifuta muda mrefu, na haikuwa na vumbi. Jua likashuka mpaka ukutani. Mama hakunisemesha juu ya sambusa.

Tulipokwishafutari Baba akasema, "Shadya, njoo ukae hapa. Mbele yangu."

Nikakaa.

"Umeandika vizuri. Hiyo ya kadhi nimeipenda." Akanirudishia shajara. "Lakini kuna jambo hujaliandika kwa sababu hulijui. Unadhani mimi sijijui? Nna mwaka wa tatu sasa. Kwanza zilipotea sauti za kunguru, halafu za simu, halafu za klachi."

"Baba, mwaka wa tatu? Na magari yote yale? Ulikuwa unapatia!"

"Nilikuwa nakutazama wewe."

Sikuelewa. Akanyoosha mkono mzima akanigusa juu ya jicho.

"Klachi ikishika, nyusi zako zinapanda. Ikiachia, zinashuka. Tangu una miaka kumi unakuja hapa na ushungi wa chuo cha Kurani, ndo hivyo hivyo. Hujijui mwenyewe. Mimi nilikuwa nasikiliza uso wako. Kwani unadhani nakwambia ushike taa mchana kwa nini?"

 Miaka mitatu nimenung'unika juu ya ile taa.

"Siku ya teksi ulivaa barakoa," akasema. "Siku ya feni boneti ilituziba. Na gari la Matar nilikutazama mpaka macho yakaniuma, na uso wako haukusema kitu. Nikajua basi, kompresa imekufa."

"Haukusema kwa sababu haina klachi, Baba."

"Ndo nimesoma. Sasa najua." Akacheka kidogo. "Nlikuwa naona haya, mwanangu. Wananiita Masikio."

Nikamkumbatia, jambo ambalo hatulifanyi nyumbani kwetu, na kofia yake ikaanguka kwenye sahani ya muhogo. Mama akaiokota akaifuta, akasema ilikuwa na vumbi vilevile.

9 Machi

Tumempeleka Baba kupimwa masikio. Wamesema ni kelele za injini, miaka mingi. Kitakuja kifaa cha sikio.

11 Machi

Baba amekwenda kwa Matar mwenyewe, kwa miguu, amefunga. Amemwambia mbele ya watu, "Nimeiua kompresa iliyo hai. Nisamehe." Ile ya zamani tutairudisha mahali pake, na hii ya Dar imeshapata gari jingine. Matar alitaka kumbusu mkono, akakumbuka umeshonwa. Akakiri habari ya ng'ombe barazani hadharani, na sasa nadhani anajuta, kwa sababu kila akipita watu wanalia "Mbuuu!"

14 Machi

Baba amerudi gereji. Ametoa kofia kwenye msumari, ameikung'uta vumbi kweli.

Nimempa mita. Ameishika kama mtu anayepewa mtoto wa mwenzake.

17 Machi

Gari jipya, halina klachi. Baba hakusema "Kimya!" Amelala chini, ameshika bomba nene kwa vidole vyake vitatu vizima, ametulia, kisha akasema, "Linatoa jasho. Kompresa iko hai, tatizo liko mbele." Ni kweli, lilikuwa mbele. Nimemwambia akiendelea hivi watamwita Fundi Vidole. Akasema vidole navyo vimepungua, nisubiri kwanza.

21 Machi

Idi. Biriani, halua, watoto wa jirani na nguo mpya zinazowasha. Baba amevaa kifaa chake mara ya kwanza kwenda kusali. Amerudi anasema kunguru wa Mpendae wana matusi, alikuwa ameshawasahau.

24 Machi

Mteja mgeni, mtu wa Chwaka, amekuja na gari kuukuu. "Namtafuta Fundi Masikio."

Baba akavua kifaa akakitia mfuko wa shati, kwa kuwa kelele za injini zinamuumiza ndani yake. Akanielekeza kwa kidole kilichoshonwa.

"Mimi ni fundi," akasema. "Masikio ni huyu."

Nikageuka nikajifanya natafuta taa.

28 Machi

Mvua. Kaskazi imekwisha na masika yamefika, yale ya kwanza yenye harufu ya vumbi. Bati sita zinapiga kelele hata mimi sisikii kitu. Hakuna mteja. Watu wameshasahau tena kama magari yao yana AC.

Tumekaa mimi na Baba chini ya bati, juu ya matairi mawili, tumetazamana, tunakunywa chai. Kifaa kiko mfukoni.  Ndipo Mama akaita kutoka jikoni. Aliita mara moja tu, kama zamani, bila kutoka nje, bila kumgusa bega. Sauti ikapita katikati ya mvua, hafifu, nikainasa kwa shida. Sikumwambia Baba. Nadhani hata sikujua nimefanya kitu.

Baba akanitazama usoni, akaweka kikombe chini, akageuza kichwa kuelekea nyumbani na kupaza sauti:

"Naam!"